Maisha ya kila siku katika mji wa kawaida wa Marekani: Lexington, Kentucky

MwanaUjiji

Wakuu, salaam kwenu.

Kila wiki napokea maswali yaleyale: Marekani kukoje, maisha yanaendaje, mtu anabaki na kiasi gani mfukoni. Anayeuliza kichwani mwake ana New York ya kwenye runinga, maghorofa na treni za chini ya ardhi. Wengi wetu tuliotoka Kigoma, Uvira, Bukavu na makambini hatuishi huko. Tunaishi miji ya kati: Louisville, Des Moines, Boise, Grand Rapids, na huku kwangu Lexington. Nimeamua kuuandika uzi huu kwa sababu naona watu wanafika wakiwa wamejiandaa kwa mambo ambayo hayapo, na yale yaliyopo yanawakuta hawana habari.

Jambo kubwa kuliko yote ni umbali. Mshahara unazungumzwa sana, ila kinachoamua kama familia itatulia au itahangaika ni umbali kati ya mahali unapolala, kazi yako na shule ya watoto, na una njia gani ya kuumaliza umbali huo kila siku.

Kwanza mji wenyewe. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 322,570, wa pili kwa ukubwa Kentucky baada ya Louisville. Umekaa kama gurudumu la baiskeli. Katikati ni mjini, kisha barabara zinatoka kama spoki, na nyingi zimepewa jina la mji zinakoelekea: Nicholasville Road, Richmond Road, Winchester Road, Georgetown Road, Versailles Road, Harrodsburg Road. New Circle Road inazizungukia zote. Ukishalielewa hilo hupotei tena.

Mwaka 1958 mji ulichora mpaka ambao nje yake mitaa mipya hairuhusiwi, wa kwanza wa aina yake nchini Marekani, ili kulinda mashamba ya farasi. Ndiyo maana ukiyaacha maduka makubwa na kuendesha robo saa hivi, unakuta majani matupu, uzio wa mbao na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Katika mnada wa Keeneland wa kila Septemba, farasi wa mwaka mmoja anaweza kununuliwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Ni mandhari nzuri mno, sichoki kuiangalia. Lakini ardhi ya kujenga imebanwa, na nyumba zikiwa chache kodi inapanda. Mwaka 2023 baraza la mji liliusogeza mpaka huo kidogo baada ya mabishano marefu.

Sasa gari. Mji una mabasi ya Lextran, nauli dola moja. Karibu yote yanakutana kituo kikuu cha Vine Street. Kwa hiyo kama unaishi Winchester Road na kazi iko Nicholasville Road, huendi moja kwa moja: unaingia mjini, unasubiri, unapanda jingine, unatoka tena. Safari ambayo gari dogo linaimaliza kwa dakika ishirini inakula saa nzima na zaidi, na ukilikosa basi moja, linalofuata linaweza kuchukua nusu saa au hata saa. Hakuna daladala ya kudandia wala bodaboda kwenye kona.

Halafu kazi nyingi zenye malipo ya maana hazipo mjini. Kiwanda cha Toyota kiko Georgetown, kaunti ya jirani. Kilianza kuunda magari mwaka 1988, na kimezungukwa na viwanda vidogo vinavyokiuzia vipuri. Basi la mji halifiki. Asiye na gari analipia lifti: mwenye gari anakusanya watu wanne wa zamu moja, kila mmoja anamlipa kwa wiki. Utaratibu huu umeokoa familia nyingi na nauheshimu. Lakini mwenye gari akiugua, watu watano hawajaenda kazini. Ukipangiwa ovataimu siku ambayo yeye hakupangiwa, pesa ile imekupita. Na viwanda vingi vinahesabu pointi: umechelewa, pointi, umekosa bila taarifa, pointi zaidi, zikifika idadi waliyoweka, kazi huna. Kumweleza msimamizi kwamba gari la fulani lilizima njiani hakusaidii.

Kwa hiyo kwa anayekuja: leseni ya udereva ianze kabla ya runinga, kabla ya sofa, kabla ya simu kubwa. Hata masomo ya Kiingereza ya jioni yanahitaji njia ya kufika darasani.

Nitaendelea na bili. Ulizeni.

FundiTandika

Mkuu, asante kwa uzi wenye kueleweka. Mimi ni fundi magari, swali langu ni la gari. Mtu aliyefika juzi ananunua gari gani, na ukaguzi wao ukoje?

MwanaUjiji

Fundi, swali zuri sana. Wengi wanaanza na Toyota au Honda iliyotembea sana, wanalipa taslimu kwa mtu binafsi au kwa yadi ndogo. Kentucky haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa magari ya kawaida. Maana yake gari bovu kabisa linaweza kuwa na namba halali. Mpelekee fundi kabla hujatoa hata senti, na mwambie achungulie chini. Kipindi cha baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula chesi, mabomba ya breki na egzosi. Juu rangi inang'aa, chini kumeoza.

Bima ni lazima kisheria, na dereva mpya asiye na historia hapa anatozwa ghali kuliko alivyotarajia. Uliza bei ya bima ya gari hilohilo kabla ya kulinunua. Kisha usajili unaisha mwezi wako wa kuzaliwa, na siku ya kuuhuisha unalipa pia kodi ya mali ya gari lenyewe kwa kadiri ya thamani yake. Watu wanasahau kuiwekea akiba, wanakamatwa na stika iliyopitwa na wakati.

Mzawa_Mwanza

Mkuu MwanaUjiji, usituzungushe. Mshahara ni kiasi gani, na mtu anabaki na nini?

MwanaUjiji

Sikuzungushi kaka, tuingie kwenye namba.

Kima cha chini hapa ni kile cha serikali ya shirikisho, dola 7.25 kwa saa, hakijabadilika tangu 2009. Maghala na viwanda hayapati watu kwa bei hiyo, yanalipa mara mbili na zaidi. Tumchukue mtu wa dola 18 kwa saa. Wiki mbili za saa arobaini ni dola 1,440. Social Security na Medicare, yaani mifuko ya pensheni na ya matibabu ya wazee, zinachukua asilimia 7.65, dola 110. Mji nao unakata asilimia 2.25 ya mshahara wa kila anayefanya kazi ndani yake, dola 32 na senti 40. Bado kodi ya jimbo na ya shirikisho. Mtu asiye na familia anaweza kushika 1,150 hivi. Akiwa amechukua bima ya afya ya familia kazini, inashuka zaidi.

Kodi ya nyumba ya vyumba viwili inaanzia dola elfu na kitu, na inatakiwa tarehe moja ya mwezi. Ukichelewa siku chache unaongezewa faini. Kwa hiyo malipo ya kwanza ya mwezi yanamezwa na nyumba. Ya pili yanabeba gari, bima, umeme, maji, simu, nepi, chakula. Ndiyo maana katika familia nyingi watu wazima wawili wanafanya kazi, mmoja mchana, mwingine usiku, ili mtoto asikose mtu nyumbani. Kuna wanandoa nawajua wanaonana vizuri Jumapili tu.

Kinachonyanyua watu ni ovataimu. Sheria ya tangu 1938 inasema saa zinazozidi arobaini kwa wiki zilipwe mara moja na nusu, hivyo dola 18 inakuwa 27. Na kwa kuwa tunalipwa kila baada ya wiki mbili, mara mbili kwa mwaka unatokea mwezi wenye malipo matatu. Ukitaka kujua ada za wadogo zetu na mabati ya nyumba za wazazi zinatoka wapi, mara nyingi ni miezi hiyo.

Waliokuja kwa njia ya ukimbizi wana deni la tiketi ya ndege, halina riba, linalipwa kidogokidogo. Lipeni kwa wakati. Huku kila mtu ana alama ya uaminifu wa mikopo, kati ya 300 na 850, na deni hilo likilipwa vizuri linakuanzishia alama. Mwenye nyumba anaiangalia, benki inaiangalia, kampuni ya bima inaiangalia. Mtu mwenye pesa taslimu na asiye na alama anaweza kukataliwa nyumba ambayo mwenye kipato kidogo mwenye alama nzuri anapewa.

DadaWaUvira

Kaka MwanaUjiji, Mungu akubariki. Niko hapahapa Lexington, nilipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kufika. Acha niongeze upande wa akina mama, maana wanaume wakiandika wanaishia kwenye magari na viwanda.

Kazi inayowasaidia dada wengi hapa ni kuhudumia wazee katika nyumba za kulelea wazee. Kwa Kentucky cheti chake kinaitwa SRNA, mafunzo ni saa 75 kisha mtihani. Nyumba nyingine zinakusomesha bure ukikubali kuwafanyia kazi. Ni kazi nzito ya mgongo: kumgeuza mzee kitandani, kumwogesha, kumlisha. Lakini ni kazi yenye heshima. Sisi tumelelewa kumheshimu mzee, na familia zao wanaliona hilo. Pia ukiwa na cheti huwezi kukosa kazi, na unaweza kuchagua zamu.

Sasa shule. Basi la manjano linakuja asubuhi, na likisimama linawasha taa nyekundu na kufungua kibao cha kusimama ubavuni. Katika barabara ya kawaida magari ya pande zote mbili yanasimama mpaka mtoto avuke. Mara ya kwanza kuona malori makubwa yamesimama kimya kwa ajili ya kitoto chenye begi, nililia. Shule ni bure, basi ni bure, na shule nyingi zinawapa watoto wote chakula bila malipo.

Kitu ninachowaomba wazazi wenzangu ni hiki: msimfanye mtoto mkalimani. Nimeona binti mdogo akimtafsiria mama yake habari za uvimbe hospitalini. Mtoto gani anaweza kubeba hayo? Hospitali na shule zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa na sheria kukupa mkalimani bila kukutoza. Katika shule za hapa Kiswahili ni kati ya lugha zinazozungumzwa sana nyumbani kwa wanafunzi baada ya Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo wakalimani wapo. Ukifika mapokezi sema "Swahili interpreter", halafu kaa usubiri. Wakikuambia mtoto wako anatosha, kataa kwa upole, usiondoke.

Na nyumbani ongeeni Kiswahili. Kiingereza watakipata tu shuleni, hakuna mtoto aliyekikosa. Lakini nyanya yao aliyebaki Nyarugusu ataongea nao kwa lugha gani? Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025, kuna familia hapa ambazo ndugu zao walikuwa wameshapimwa afya wanasubiri tarehe ya ndege. Wako kulekule. Simu ndiyo nyumba waliyobaki nayo pamoja, na mtoto asiyejua lugha anakaa nje yake.

Mzawa_Mwanza

Dada umenigusa. Hilo la bima ya afya naomba lifafanuliwe, maana tunasikia mtu anavunjika mguu anadaiwa mamilioni.

MwanaUjiji

Nieleze kadiri ninavyoijua.

Mwenye kipato cha chini anaangaliwa kama anastahili Medicaid, bima ya serikali, na Kentucky iliipanua mwaka 2014 ikachukua watu wazima wengi zaidi. Watoto wengi wa jamii yetu wako huko. Mwenye mshahara wa juu kidogo anachukua ya kazini, na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa. Unakatwa kila malipo, na bado ukiugua unalipa mwenyewe mpaka ufikie kiasi fulani ndani ya mwaka, labda dola 2,000 au 3,000, ndipo bima ianze kubeba sehemu kubwa. Mtu anasema "nina bima", kisha bili inakuja. Kabla ya kusaini fomu ya kazini, uliza maswali mawili: nakatwa kiasi gani, na nitalipa kiasi gani kabla hamjaanza kulipa nyinyi.

Pili, usikimbilie idara ya dharura kwa mafua au homa ndogo. Kuna kliniki za haraka zisizohitaji miadi, bei yake ni sehemu ndogo tu. Lakini maumivu ya kifua, kupooza upande, mtoto anashindwa kupumua, piga 911 bila kufikiria pesa. Sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa hata asipokuwa na senti.

Tatu, bili ikija, usiitupe na usiilipe siku hiyohiyo. Jirani yangu alipokea bili ya maelfu baada ya kulazwa usiku mmoja. Tukaomba orodha ya kila kilichotozwa, kisha fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kuwa na utaratibu huo, ila fomu haitakufuata nyumbani. Akapeleka stabu za mshahara, wakafuta sehemu kubwa, iliyobaki akapangiwa kulipa kidogo kila mwezi. Barua za hospitali zifunguliwe, jamani. Nimeona droo imejaa bahasha zilizofungwa, na deni limeshafika kwa wakusanya madeni.

BintiPwani

Shikamooni wakubwa. Mimi naogopa upweke. Nasikia mtu anaishi miaka hamjui jirani. Na chakula, na ibada? Sisi ni Waislamu, tunatoka Tanga.

MwanaUjiji

Marahaba mdogo wangu.

Upweke upo. Mtu anatoka gereji kwa gari anarudi gereji kwa gari, barazani hakai mtu. Lakini watu wa Kentucky ni wapole. Ukipita wanapunga mkono, kwenye foleni ya duka wanakuongelesha habari za hali ya hewa. Ukimsogelea jirani wewe kwanza, ukamwambia jina lako, mara nyingi anafurahi. Mimi niliwajua wa kwangu kwa sababu ya mapipa ya taka. Yako matatu na mji umeyapa majina: la kijani la takataka ni Herbie, la bluu la vitu vya kurejelezwa ni Rosie, la kijivu la majani ni Lenny. Yanasogezwa barabarani usiku wa kuamkia siku ya lori, na jirani mzee alikuja kunionyesha kipi kinaingia wapi. Tangu hapo tunasaidiana kuyarudisha.

Jingine linalofungua midomo ni mpira wa kikapu. Timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky imechukua ubingwa wa vyuo mara 8, mwisho 2012, na siku ya mechi mji wote unavaa bluu. Jua matokeo ya jana na kazini huwezi kukosa wa kuongea naye.

Jamii yetu ipo, ila inabidi uitafute. Makanisa yenye ibada za Kiswahili ni mengi, kwaya zinafanya mazoezi katikati ya wiki hata watu wakiwa wametoka zamu. Kwenu Waislamu misikiti ipo, utakutana na Wasomali, Waarabu, Waamerika Weusi na Waafrika wa Magharibi. Jambo la kujiandaa nalo ni jua. Desemba linazama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Juni linafika saa tatu usiku, kwa hiyo Isha ya kiangazi inaingia usiku mwingi na Alfajiri haiko mbali. Giza la Desemba linawaumiza watu wetu kuliko baridi yenyewe. Koti linaizuia baridi, lakini mtu anaingia kazini gizani anatoka gizani, mwezi mzima hajaona jua. Wengine wanakuwa wakali nyumbani bila kujua sababu. Siku ya mapumziko toka nje mchana hata kama ni nusu saa.

Saa nazo: kipindi cha baridi Tanzania iko mbele yetu saa nane, kiangazi saa saba. Anayetoka zamu ya pili usiku wa manane, Kigoma ni saa mbili asubuhi, mama ameamka, chai iko mezani. Simu nyingi za nyumbani zinapigwa kwenye maegesho ya viwanda muda huo.

DadaWaUvira

Mdogo wangu wa Tanga, chakula usiogope. Sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa iko kwenye frizi za maduka ya Kiafrika, pamoja na mawese, dagaa na muhogo. Nyama ya mbuzi iko kwenye bucha za halali. Unga mweupe wa mahindi uko hata kwenye maduka makubwa ya Kroger, maana wenyeji wenyewe wanakula mkate wa mahindi na maharage. Lakini soma mfuko! Mwingi umeshachanganywa beking pauda na chumvi, ukipikia bukari (ugali) inafura na kuwa na ladha ya keki. Chukua ule ulioandikwa mahindi tu. Na yale majani mapana wanayoyaita collard ni sukuma wiki yenyewe, watu wa Kusini wanayapika na nyama ya nguruwe, kwa hiyo kwenye mkahawa uliza kwanza. Nunua mabichi upike mwenyewe.

Kuhusu upweke, siku ya msiba ndipo utajua hauko peke yako. Habari ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, jioni hiyohiyo nyumba imejaa, wamama wanapika, mtu ana daftari la michango. Kusafirisha mwili mpaka Bujumbura au Kigoma ni gharama kubwa sana, hakuna familia moja inayoiweza. Watu wanatoka zamu usiku wanapitia msibani na sare zao za kazi. Lakini ukikaa miezi bila kuonekana kwenye misiba ya wenzako, usishangae.

Msafiri_07

Mnasema wapole. Na ubaguzi je? Semeni ukweli.

MwanaUjiji

Kaka, upo, na mji huu una historia nzito. Katikati ya mji, pembeni ya mahakama ya zamani, pana uwanja uliokuwa unaitwa Cheapside. Ulikuwa mmoja wa minada mikubwa ya watumwa Kentucky. Watu wa rangi yetu waliuzwa pale, watoto wakitenganishwa na mama zao. Baadaye zikasimamishwa hapo sanamu za viongozi wawili wa upande uliopigana kuulinda utumwa, John Hunt Morgan na John C. Breckinridge. Ziliondolewa Oktoba 2017 baada ya wakazi kudai kwa miaka. Mwaka 2020 uwanja ukapewa jina la Henry A. Tandy, mkandarasi Mweusi wa karne ya 19. Jumamosi kuna soko la wakulima pale, tunanunua nyanya na mahindi mabichi. Mimi huwaeleza wanangu kilichotokea mahali hapo, na pia huwaeleza habari za Isaac Murphy, mpanda farasi Mweusi wa hapahapa Lexington aliyeshinda mbio maarufu za farasi za Kentucky Derby mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Wajue kwamba mchezo huu wa matajiri ulijengwa na mikono gani.

Kwa maisha ya kila siku, matusi ya wazi nimeyasikia mara chache. Kinachouma zaidi ni kile cha chini kwa chini. Nyumba "imeshachukuliwa" ukifika ana kwa ana, wakati kwenye simu ilikuwepo. Lafudhi yako inachukuliwa kama upungufu wa akili; mwalimu aliyefundisha sekondari Bukavu anapangiwa kupakia maboksi na kuelezwa polepole kama mtoto. Andika tarehe, jina la uliyeongea naye, alichosema. Kuwanyima watu nyumba kwa sababu ya rangi au asili ya taifa ni kosa kisheria tangu 1968, na mji una tume ya haki za binadamu inayopokea malalamiko.

Polisi wakikusimamisha barabarani: egesha kulia, zima muziki, shusha kioo, mikono juu ya usukani. Usifungue mlango wala kuinama kutafuta karatasi mpaka uambiwe. Kwetu ukisimamishwa unashuka kwenda kumsalimia askari. Huku usishuke. Wafundisheni vijana wenu hili kabla hawajashika gari.

Mhamiaji_TX

Wakuu, nimeusoma uzi wote. Mimi niko Houston na mke na watoto watatu, kodi imetushinda. Nimeahidiwa kazi kwenye kiwanda cha vipuri Georgetown, naanza Agosti. Nina gari moja, mke bado haendeshi. Nianzie wapi?

MwanaUjiji

Karibu sana ndugu. Kama kazi ni Georgetown, tafuta nyumba kaskazini mwa mji, maeneo ya Georgetown Road, Newtown Pike au Russell Cave Road. Ukiishi kusini, Tates Creek huko, utaukata mji wote mara mbili kila siku. Kwa kuwa mkeo haendeshi, nyumba iwe karibu na njia ya basi. Msimame kituoni wenyewe siku ya kazi muone linakuja kila baada ya muda gani, kabla hamjasaini mkataba wa mwaka.

Muulize mwenye nyumba joto la ndani ni la gesi au la umeme, na bili ya Januari ilifika ngapi. Apatimenti ya bei nafuu yenye madirisha mabovu inaweza kukurudishia gharama yote kwenye umeme.

Jitahidini kufika Julai, maana shule zinafunguliwa katikati ya Agosti. Beba rekodi za chanjo za watoto. Watahitaji cheti cha chanjo cha Kentucky, na kliniki zinajaa wiki za mwisho. Gari lako la Texas unatakiwa kulisajili ndani ya siku 15 za kuhamia, na kwa gari linalotoka jimbo jingine ofisi ya sherifu inalikagua kwanza. Leseni yako ibadilishe ndani ya siku 30.

Mkeo aanze kitabu cha udereva hukohuko Houston, asisubiri. Sheria nyingi za barabarani zinafanana, na DadaWaUvira anajua akina mama wanaofundishana kuendesha kwenye maegesho ya kanisa mchana.

DadaWaUvira

Ni kweli, aje tu. Tunaanza na maegesho, kisha mitaa ya ndani, New Circle mwisho kabisa. Nitumie ujumbe mkifika.

MwanaUjiji

Tarehe ukishaijua niandikie faragha. Lori la mizigo lisifike Jumapili asubuhi, vijana wa kubeba wote wako kanisani. Jumamosi baada ya saa nane mchana tutapatikana.